Mashamba Yasiyo na Watu

Kila tunapotangaza kwamba toleo lijalo litahusu maisha ya vijijini, meza yetu hujaa machweo. Jua linazama nyuma ya mbuyu. Ngalawa imetia nanga. Mpunga unayumba kwa upepo, na kijia kinaingia msituni bila kujulikana kimekanyagwa na nani. Zipo kazi nzuri humo: rangi zimekubaliana, vina na mizani vimetimia. Anayekosekana ni mtu. Na akitokea, hana shughuli. Amesimama kwa mbali, jembe begani, ametupa kisogo.

Nataka kutetea jambo moja tu katika safu hii. Shamba ni kazi ya watu, na pwani ya wavuvi vilevile. Msanii anayekwenda huko kutafuta ilhamu asiulize kazi ile inafanywaje, atarudi na picha ambayo angeweza kuichora bila kutoka nyumbani. Katika mpunga ule unaoyumba kuna mtoto aliyedamka kuamia ndege, kombeo mkononi, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Kijia kile kimechongwa na miguu ya wanaokwenda kuteka maji. Huko ndiko shairi liliko, na huko ndiko tunakokwepa kwenda.

Mchoraji anayenithibitishia haya kuliko wote ni Sam Ntiro. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere, akaendelea na sanaa katika chuo cha Slade huko London, na baada ya uhuru wa 1961 akarudi London kuiwakilisha Tanganyika kama balozi. Alikuwa mtu wa safari nyingi, lakini michoro yake haikuhama Kilimanjaro. Alichora watu wakivuna ndizi, wakichuma kahawa, wakikata miti. Wamechorwa wadogo, nyuso zao hazina maelezo mengi, ila kila mmoja ana jambo analolifanya. Mwaka 1960 Museum of Modern Art ya New York ilichukua mchoro wake wa 1956 unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku.

Mpita njia ataona watu na mizigo gizani. Mtu wa Machame anajua kilichotangulia: ndizi ziliivishwa, zikapikwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, ulezi ulioteshwa ukawa kimea, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji na kuchanganywa humo. Anajua pia kwamba mbege, ndiyo pombe hiyo ya ndizi, ni kauli ya ukoo mmoja kwa ukoo mwingine, na haipelekwi ovyo ovyo. Ntiro hakuhitaji kuyachora yote hayo. Aliyajua, na kwa sababu aliyajua alichagua usiku, njia na mzigo, akaacha mengine.

Mwalimu wake pale Makerere, Margaret Trowell, alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kisha wao wakachora walichokiona akilini. Amelaumiwa tangu zamani kwa kuwaweka wanafunzi wake mbali mno na sanaa ya dunia iliyokuwa ikibadilika, na sehemu ya lawama hiyo ina haki. Hata hivyo darasa lile lilifundisha jambo tulilolisahau: picha ilianzia katika masikio. Elimo Njau wa Marangu, aliyepita mikononi mwake, ndiye aliyechora mwaka 1959 kuta za kanisa la Murang'a, akaiweka simulizi ya Injili katika vilima na maboma ya Wakikuyu. Muumini aliyeketi pale aliona migomba anayoijua.

Washairi wetu walikuwa na jicho hili kabla ya shule yoyote ya uchoraji. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alitaka kuzungumza na moyo wake kuhusu dunia inavyopita. Angeweza kubaki kwenye mahubiri. Badala yake aliingia katika majumba ya Pate yaliyohamwa, akatazama vidaka vya ukutani vilivyokuwa vikipambwa kwa vyombo vya kauri, akaona ndege wameweka makazi humo. Akasikia wadudu wakilia mahali palipokuwa na mazungumzo. Hayo hayaandikwi na mgeni. Yanaandikwa na mtu anayejua kidaka kipo upande gani wa chumba na ni nini kiliwekwa humo. Muyaka bin Haji wa Mombasa naye, katika zama zile zile, aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, kama wasemavyo wachambuzi wake: biashara, ugomvi wa nyumbani, mapenzi, vita vya Mvita na watawala wa Oman, vyote vikaingia katika beti zake. Na Haji Gora Haji, mtoto wa Tumbatu aliyekuwa mvuvi na mchukuzi kabla ya nchi kumjua kwa diwani yake ya Kimbunga (1994), hakuhitaji kuazima bahari ya mtu. Alikuwa ameifanyia kazi.

Siri ya ufundi iko hapo, nami naisema kwa uzito kwa sababu vijana wengi wanaotuletea kazi wanadhani ilhamu ni hali ya hewa, wanaingoja ishuke. Chukueni mfano wa Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989. Sidhani kama kuna mahali Zanzibar palipopigwa picha zaidi: wanawake wameinama, maji ya buluu yanawafika magotini, vitambaa vya rangi vinapepea. Tumepokea mashairi ya picha hiyo mara nyingi, na karibu kila moja lina mwezi ndani yake, mwezi wa urembo tu.

Lakini muulize mkulima mwenyewe. Atakwambia kwamba anakwenda shamba wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, na kwamba bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku za maji mafu vigingi vyake haviendeki. Kwa hiyo mwezi ni ratiba yake: humwambia siku ya kufunga mbegu kwenye kamba, moja moja, kwa vikamba vidogo wanavyoviita taitai, humwambia siku ya kuvuna, na siku ya kukaa akaanika. Atakwambia pia kwamba mwani wenye bei nzuri haustawi tena katika maji ya kina kifupi, maji yamepata joto, akabaki na ule wa bei ndogo. Mshairi aliyeyasikia haya ana mwezi mwingine kabisa wa kuuimba. Ana pia mgongo unaouma, na bei, na bahari inayobadilika. Hajapoteza uzuri hata chembe. Rangi ya maji ni ile ile.

Najua nitajibiwa kwamba sanaa si ripoti ya bwana shamba, na kwamba mtu aliyechoka anastahili kutazama machweo bila kuhojiwa. Nakubali. Machweo ni mazuri, na sitaki mashairi yaliyojaa bei za mazao. Ninachokataa ni uvivu unaojificha nyuma ya uzuri. Tumeona ulikowafikisha wachoraji wetu wa mjini. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi, na kilichoonekana pale kilikuwa kipya. Leo maduka ya watalii yamejaa twiga wa nakala ya nakala, na wapo wanaowachora ambao hawajapata kumwona twiga. Biashara ile inalisha familia, siidharau. Ila msiiite ilhamu.

Toleo mlilonalo mkononi tumelichagua kwa kipimo hicho. Mtakuta shairi la mama anayepeta mchele, ambalo mizani yake inafuata mwendo wa ungo. Mtakuta michoro ya fundi baiskeli wa njia panda, na insha kuhusu waparuzi wa samaki sokoni alfajiri. Baadhi ya kazi hizi zina makosa ya kiufundi ambayo mhariri mkali angeyarudisha. Nimeyaacha, kwa kuwa watunzi wake walikwenda wakaketi na watu.

Toleo lijalo litakuwa la mavuno. Tunaomba mashairi, picha na insha kutoka kila upande, mjini na shamba. Pamoja na kazi yako, tuandikie pia kwa ufupi ulikwenda wapi, ulimuuliza nani na alikufundisha nini. Ukiwa huna wa kumtaja, usitume bado. Nenda kwanza kaulize.