Nani Kampandisha Gor Mahia Punda Milia?

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba mhakiki wa fasihi hana haja ya kujishughulisha na michezo ya kuigiza wahusika, ile ambayo wachezaji huketi mezani, kila mmoja akavaa uhusika wake, wakasimuliana kisa huku dadu na kanuni zikiamua nani ashinde na nani afe. Hatukubaliani nao. Usimulizi ni usimulizi, na vijana wetu wengi wa vyuo hujifunza siku hizi utungaji wa shujaa katika michezo hiyo kabla hawajasoma utendi hata mmoja. Lakini ugomvi wetu hasa ni na kundi jingine, lile linalojiona limekwisha kuikomboa michezo hiyo kutoka Ulaya kwa kubadili mnyama.

Tueleze. Dungeons & Dragons, mchezo ulioifungulia njia mingine ya aina hiyo, ulitolewa Marekani mwaka 1974. Mwaka uliofuata, nyongeza yake iitwayo Greyhawk ilimleta paladini, shujaa mtakatifu ambaye jina lake limetoka katika visa vya mashujaa wa Charlemagne, na pamoja naye farasi wa vita. Farasi huyo ni tuzo ya utiifu: shujaa akishika maadili, mnyama humjia na kumtumikia. Basi Mwafrika akitaka kumweka shujaa wake humo huambiwa achague mnyama "anayefaa utamaduni". Katika semina moja ya uzamili tuliyohudhuria, tulisomewa kisa ambamo Gor Mahia, mganga na jemadari wa Kanyamwa, alitokea akiwa amepanda punda milia. Ukumbi ulipiga makofi. Sisi tulioketi nyuma tulijiuliza kama kuna aliyewahi kufika Ndhiwa.

Punda milia huyo ni mbaya kuliko farasi. Farasi walau hukiri kwamba ametoka kwingine. Kiswahili kimemwita farasi kwa jina la Kiarabu, na Kidholuo kikamwita *faras* baada ya hapo. Katika nchi hii alionekana zaidi kwenye mashindano ya Ngong kuliko vitani. Punda milia aliyetiwa hatamu hajatoka kwa mtu yeyote wa Nyanza. Ametoka kwenye kadi za watalii, na kabla ya hapo kwa Walter Rothschild, tajiri aliyefunga punda milia kwenye gari lake akapita nalo barabarani London. Huko ndiko utamaduni wake unakofaa.

Kuna jibu la haraka ambalo twaweza kulitoa na kuondoka, nalo ni la mbung'o. Bonde la Lambwe, katika Homa Bay ya leo, lilijulikana kwa muda mrefu kwa malale na kwa nagana, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaouawa upesi na nagana. Ogwedhi, mpakani mwa Waluo na Wamaasai, ng'ombe ndiye mali na ndiye chanzo cha vita. Punda hubeba magunia na mwenyewe hutembea kando yake. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwa sababu fasihi haikatazwi na mbung'o. Mwengo wa Athumani wa Pate, katika *Utendi wa Tambuka* wa mwaka 1728, alitunga vita vya farasi na ngamia, na hakuna msomaji aliyemlaumu, maana kisa chenyewe ni cha Waarabu na Warumi. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mnakili aliyezifahamu tendi za kale, alipoandika habari za Fumo Liyongo mwaka 1913 hakumkopesha farasi wa Tambuka. Liyongo hutembea kwa miguu yake, na hufa amepiga goti, upinde mkononi. Kijumwa alijua mipaka ya kisa chake.

Jibu lenyewe limo katika visa vya huku kwetu, na twashangaa kwamba wenye punda milia hawakuvisoma. Masimulizi yasema Gor Mahia alikuwa akijigeuza: adui akimtafuta jemadari hukuta mtoto, au mzee, au mnyama. Mnyama wake yumo ndani yake. Mwaka ule ule wa 1913, Onyango Dunde wa Seje, huko Alego, alisimulia kwamba joka la ziwa, Mumbo, lilimmeza kisha likamtapika likiwa limempa ujumbe dhidi ya wazungu na dini yao. Ujumbe huo ulienea Nyanza Kusini na Gusii hata serikali ya kikoloni ikawahamisha baadhi ya viongozi wa dini hiyo. Onyango yumo ndani ya mnyama. Mmoja ana mnyama tumboni, mwingine yumo tumboni mwa mnyama. Hakuna aliyekaa mgongoni.

Hapa ndipo pa kusimama. Kanuni ya paladini yadai kwamba utakatifu humpa mtu mamlaka juu ya mnyama. Masimulizi ya Gor Mahia na ya Mumbo yanadai kinyume chake: utakatifu humwondolea mtu mpaka baina yake na mnyama, na mara nyingine humwondolea hiari. Ukimpandisha Gor Mahia kitu chochote, awe punda milia, awe kifaru, umemnyima uwezo wa kujigeuza, kwa sababu anayejigeuza mwenyewe hahitaji cha kupanda. Hata Luanda Magere, ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini, mweke juu ya farasi uone: kivuli kinachoanguka chini ni cha nani? Mkuki wa Wanandi ulenge wapi? Kisa kizima kimevunjika kwa ajili ya pambo.

Tutaambiwa kwamba mchezo wahitaji kanuni, na kwamba kumezwa na joka hakuandikiki katika jedwali la dadu. Kwa nini kusiandikike? Mchezaji na apewe uamuzi mmoja tu katika kisa kizima: akubali kumezwa au akatae. Akikubali, aketi kimya raundi tatu, bila silaha na bila zamu, wenzake wakipigana bila yeye. Kisha atoke na amri ambayo hakuichagua, naye alazimike kuitii hata ikimwamuru aache nguo zake na kanisa lake. Tuliipendekeza kanuni hii katika semina ile ile. Mwenye punda milia alisema hakuna mchezaji atakayekubali kukaa kimya raundi tatu.