Skolashipu, skolashipu... na nani atautafiti mwani wetu?

Hapa Maskati tuko wazima, joto ndio hilo mnalolisikia kwa kusimuliwa. Leo sina picha za Mutrah wala habari za harusi. Leo nataka kugombana kidogo, mtanisamehe.

Kila wiki naletewa ujumbe: "Kaka, kijana wetu kamaliza digrii ya sayansi, mtafutie skolashipu huko." Sigombi kwa kuombwa, ndugu si ndugu ila wa kuombana. Ninachogomba nacho ni imani tuliyojijengea, kwamba masomo ya juu ya sayansi na uhandisi lazima yalipwe na mgeni, yafanyike ugenini, na yajibu swali la mgeni. Na wakubwa wetu serikalini wanafurahi, maana akilipa mwengine wao hawaulizwi kitu!

Kwanza tuelewane. Skolashipu na ufadhili wa utafiti si kitu kimoja. Skolashipu inakulipia ukae darasani usome. Ufadhili wa utafiti unakulipa ufanye kazi: kuna swali halijajibiwa, na wewe mwanafunzi wa uzamili au uzamivu unapewa miaka miwili, mitatu, minne ulijibu. Kwa hiyo anayetoa fedha ndiye anayechagua swali. Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Tazameni hapa nilipo. Maskati kuna kituo kinaitwa MEDRC, kilichoanzishwa mwaka 1996 kutokana na mazungumzo ya amani ya Mashariki ya Kati yaliyoanzia Madrid mwaka 1991. Kazi yake ni maji, hasa namna ya kuyatoa chumvi maji ya bahari yakanyweka. Kituo hiki kimekuwa kikiwafadhili wanafunzi wa uzamili na uzamivu, Waomani na Wapalestina wakiwemo, wafanye utafiti juu ya jambo hilo. Kwa nini hilo na si jengine? Kwa sababu mji huu unakunywa bahari! Mtambo wa Ghubra ulianza kutoa maji tangu mwaka 1976. Mwaka 2008 hadi 2009 yalipotokea yale maji mekundu, vijimea vya baharini vikajaa tele, mitambo kadhaa ya maji katika Ghuba na pwani ya Oman ililazimika kusimama au kupunguza kazi. Siku kama hiyo unataka mtu wako anayeijua bahari yako, si kuanza kutafuta namba ya profesa wa Ulaya.

Mtaniambia: "Aa, hao wana mafuta." Haya, wanayo. Lakini Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifungua milango mwaka 1986, na mwaka huo huo 1986 Tanzania ilitunga sheria ya kuunda COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Wazo tulikuwa nalo sote. Na tukaunda mpaka mfuko, MTUSATE, ambao umewahi kuwalipia watu wetu masomo ya uzamili na uzamivu humo humo nchini. Kwa hiyo asije mtu kuniambia haiwezekani. Imeshawezekana, ila haikupewa uzito ikawa ya kila mwaka, ya kutegemewa kama mshahara.

Sasa twende kwetu Unguja na Pemba. Mwani umeanza kulimwa kibiashara mwaka 1989, na wengi wanaoulima ni mama zetu na dada zetu. Ule mwani mnene, kotonii, ndio wenye bei. Maji ya ufukweni yamezidi joto, kotonii inaugua, inageuka nyeupe na kukatika. Wakulima wengi wamebaki na ule mwembamba wa bei ndogo. Dk. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti kwa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, amejaribu pamoja na wakulima kuulima kwa nyavu za bomba kwenye maji ya kina zaidi, ambako joto ni pungufu. Lakini kina kinataka chombo, na kinataka mtu anayejua kuogelea, na kina mama wengi hawajui. Haya, hapo pana maswali mangapi ya uzamivu? Mbegu ipi inahimili joto? Uhandisi gani wa kamba na boya utamfaa mama asiyeogelea? Ugonjwa unaenea vipi? Maswali hayo hayatajibiwa na kijana tuliyempeleka nchi ya theluji kupima udongo wa huko. Atajibu ya huko, atapata kazi huko huko, na sisi tutapiga makofi uwanja wa ndege.

Na msidhani kumlipia mtu ada tu ndio kumfadhili. Utafiti ni kitanda, una miguu minne: ada, posho ya kuishi, fedha za kazi yenyewe (dawa za maabara, mafuta ya boti, vipimo), na msimamizi mwenye nafasi ya kumsimamia. Ondoa mguu mmoja, mtu chini. Wangapi mnawajua walioandikishwa uzamivu, wakalipiwa ada, kisha wakawa wanafundisha tuisheni jioni ili watoto wale? Miaka minane baadaye tunawacheka: "Huyu naye hamalizi tu!" Hamalizi kwa sababu hatujamlipa amalize.

Najua jibu: "Zahanati hazina dawa, wewe unataka watu walipwe kusoma?" Swali la haki hilo, silidharau. Lakini nani atakwambia dawa ipi ya malaria imeanza kushindwa kwetu, au kisima kipi kimeingia maji ya chumvi? Ukikosa mtafiti unanunua jibu kwa mtu, na unalinunua ghali. Tena aliyekuwa akitulipia anaweza kuamka siku moja akafunga mkoba. Mwaka 2025 Marekani iliivunja USAID, na miradi ya utafiti wa kilimo ya vyuo vikuu iliyokuwa ikisomesha wanafunzi wa Afrika ikakatwa katikati. Mtihani huo hauna hata notisi.

Na njia ipo, wala si ya ndoto. Mwaka 2013 serikali za Afrika kwa msaada wa Benki ya Dunia zilianzisha PASET, na mfuko wake wa RSIF unasimamiwa na icipe ya Nairobi, taasisi aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Serikali zinachanga, Kenya na Rwanda zikiwemo, na mwanafunzi anasoma uzamivu katika chuo cha Afrika, huku akipata muda wa kwenda maabara ya nje kisha akarudi. Rwanda ina mafuta? Sokoine ya Morogoro na Nelson Mandela ya Arusha ni miongoni mwa vyuo vinavyowapokea wanafunzi hao. Yaani wengine wanakuja kufanyia utafiti kwetu, na sisi tunatafuta mlango wa kutokea!

Basi ninachotaka ni hiki. Wawakilishi na wabunge wakija kuomba kura, waulizeni: mwaka huu mmewalipa watafiti wanafunzi wangapi, kwa swali lipi letu? Umoja wa Afrika umeweka lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, Tanzania haijafika. Waulizeni lini.

Na nyinyi vijana, msiniandikie "nitafutie chochote." Niandikieni swali lenu kwa ukurasa mmoja, nani kalishughulikia na nyinyi mtafanya nini. Mwenye swali nitamhangaikia, iwe Maskati, iwe Arusha. Na mtu akikwambia utume pesa kwenye simu yake ndio upate nafasi, huyo ni mwizi, mkimbie.

Haya, wenye kukasirika na wakasirike, nawasubiri. Msalimieni bi mkubwa, mwambieni halua inakuja.

Wasalaam.