MAONI YETU: Turbo ya mtumba si straika wa kuokoa msimu

Simba ikishinda, au Yanga, jioni barabara ya Moshono inajaa honi na bendera. Siku hizi katikati ya honi kuna mlio mwingine, ule wa "pshhh" wa turbo. Subaru zilizotoka nayo kiwandani hatuna ugomvi nazo. Tunazungumzia akina Mark II waliozaliwa bila turbo: kijana kajichanga, kanunua ya mtumba, fundi kaifunga Jumamosi, Jumapili gari liko kwenye msafara wa mashabiki.

Tamaa yenyewe tunaielewa. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar. Wachezaji wa pwani wakipanda kuja Amri Abeid wanalijua hilo. Injini nayo inavuta hewa hiyo hiyo, inachoka kiasi hicho hicho, na turbo inairudishia pumzi. Toyota Celica yenye turbo ilibeba Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986.

Ila ile Celica iliandaliwa kwa kazi hiyo. Chukua injini ya 1JZ ya VVT-i: yenye turbo inabana hewa 9 kwa 1, isiyo na turbo 10.5 kwa 1. Hii ya pili imeshabana vya kutosha. Ukiisukumia hewa zaidi bila kuongeza mafuta, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, pistoni inatoboka, gasketi ya hedi inaungua, injini imenoki. Ni kama kusajili straika wa bei mbaya huku mabeki ni wale wale waliokula nne msimu uliopita.

Anayetaka kweli, aanze kwa kupima kompresheni ya kila silinda. Injini iliyochoka iachwe ipumzike, jamani. Ikiwa nzima, zifuate nozeli kubwa, pampu ya mafuta yenye nguvu, intakula ya kupooza hewa, na kontroli boksi iliyopangwa upya na mtu anayejua kuchelewesha moto wa plagi. Presha ianzie PSI 5 au 6, basi. Oili ibadilishwe mapema kuliko mwanzo, na ukitoka kuikimbiza usizime gari papo hapo, maana oili inaungulia ndani ya turbo. Ukijumlisha gharama zote, mara nyingi injini ya mtumba iliyokuja na turbo yake kutoka Japani inakuwa nafuu.

Mafundi wanaokubali kufunga turbo tupu kwa sababu mteja ana haraka, tunawalaumu kuliko vijana.

AFCON 2027 inakuja, uwanja wa watu 30,000 unajengwa Olmoti, na misafara itakuwa mikubwa kuliko hii. Watoto watakuwa pembeni ya barabara na bendera zao. Hayo magari yaliyoongezewa nguvu, breki zake bado ni zile za kiwandani.