Nani alisema kizuri chajiuza?

Muulize mtu mwenye ujuzi wake kwa nini hana wateja, naye atakujibu kabla hujamaliza swali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeisikia kwa mafundi seremala wa Keko, kwa wahasibu wenye cheti cha CPA ukutani, kwa wapiga picha na wasanifu majengo. Huitamka kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufunga mjadala. Kwangu mimi, hakuna methali iliyowalaza njaa watu hodari kama hii.

Tuipe haki yake kwanza. Waliotuachia walikuwa wanasema juu ya vitu. Embe likipangwa sokoni mnunuzi hulibonyeza, hulinusa, akaamua. Khanga hufunuliwa ikatazamwa kwenye mwanga. Huko uzuri huonekana kabla hela haijatoka mfukoni. Sasa niambie, hesabu za mwaka zinanuswa wapi? Mwenye duka la jumla Kariakoo anayetafuta mtu wa kumwekea vitabu sawa ananunua kazi ambayo bado haijafanyika. Siku ya kwanza hana cha kukagua isipokuwa maelezo yako, na ukinyamaza hana hata hayo.

Imani hii pia imezaa uandishi wa aina yake. Mtu anayeamini kwamba uzuri ndio unaouza, siku akilazimika kuandika barua ya kuomba kazi, ataandika juu ya uzuri wake. Ndiyo maana profaili za kampuni zetu zinafanana kana kwamba zimetoka mashine moja ya fotokopi: "Sisi ni kampuni inayoongoza katika kutoa huduma bora, za kisasa na za uhakika kwa kuzingatia weledi na mahitaji ya mteja." Isome tena kisha useme ni kampuni ya nini. Yaweza kuwa ya ulinzi, ya kufua mazulia, ya kuchimba visima au ya mazishi. Zinafuata picha ya mkurugenzi mwenye tai, dira, dhima na tunu (nani aliwaomba tunu?), na ukifika ukurasa wa mwisho bado hujui ukiwalipa watakufanyia nini.

Halafu katazame karatasi ya mganga iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Mganga kutoka Sumbawanga. Kurudisha mpenzi. Kupandishwa cheo. Mali iliyopotea. Kesi mahakamani. Chini yake namba ya simu. Simtetei, ni tapeli. Lakini angalia alivyopanga maneno: ameorodhesha shida za mpita njia, na mwenye shida yake anaitambua bila hata kusimama. Ikiwa tapeli anasema waziwazi anachouza, na mhasibu mwaminifu amekaa ofisini akingoja uzuri wake ujiuze, tusishangae wateja wakipanga foleni kwa tapeli. Kibaya kinajitembeza kwa raha kwa sababu kimeachiwa barabara peke yake.

Wanaopenda kutaja vitu "vilivyojiuza vyenyewe" hukimbilia M-Pesa. Wamechagua vibaya. Ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, Safaricom na Vodafone waliikusudia ili wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu, wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Mitambo ilifanya kazi, ila huduma yenyewe ilikuwa na mambo mengi ya kuelezwa, na wakopaji wakaanza kuitumia kwa shughuli zao nyingine, ikiwemo kutumiana hela. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, habari za mikopo ziliwekwa kando, na tangazo likabaki na jambo moja tu: tuma pesa nyumbani. Mfanyakazi wa Nairobi aliyewahi kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya kumpelekea mama kijijini, huku akiomba Mungu ifike, alijua papo hapo kwamba anaambiwa yeye. Wakaweka mawakala, wakapaka rangi vibanda, wakatangaza mchana na usiku. Teknolojia nzuri ilikuwepo tangu majaribio, na bado watu wenye akili zao walikaa wakachagua maneno. Wewe unayetengeneza mifumo ya kompyuta chumbani kwako Sinza unadhani yako itajisemea?

"Watu wa heshima hawajinadi." Hapa ndipo wengi hukwama, na nawaelewa, maana tumelelewa tukiambiwa mwungwana hajisifu. Ni malezi mema. Lakini kujisifu ni kusema mimi ni bora kuliko wote. Chukua kijana anayeingia dukani, akaamkia, akasema: "Mzee, mimi natunza hesabu za maduka ya jumla yenye VAT. Kila Jumatatu nitapita kuchukua risiti za manunuzi, nitazilinganisha na ripoti za mashine ya EFD, na ritani yako itakuwa TRA kabla ya tarehe 20. Ada yangu ya mwezi ni hii hapa, nauli ni juu yangu. Kesi za kodi za miaka ya nyuma sizishiki, ila namfahamu anayezishika." Majivuno yako wapi hapo? Amemheshimu mzee kwa kutomlia muda na kutomfanya abahatishe. Tena ile sentensi ya mwisho, ya asichokifanya, ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Mfanyabiashara aliyewahi kuumizwa na fundi wa kila kitu ataiamini kuliko cheti chochote.

Na ada itajwe. Sijui ni nani alitufundisha kuandika "bei maelewano" au "bei njoo inboksi." Mteja anajua maana yake: nikutazame viatu kwanza. Kama kazi zinatofautiana, sema inapoanzia. Atakayekimbia kwa kusikia bei angekimbia tu, tofauti ni kwamba angekuwa amekumalizia mchana mzima.

Utaambiwa pia kwamba mteja huleta mteja. Ni kweli, lakini atamleta kwa maneno gani? "Kuna kijana mmoja mzuri sana." Wa nini? "Ah, mambo ya kompyuta kompyuta hivi." Sifa zako zimeishia hapo. Mteja wako hawezi kukueleza kwa jirani yake vizuri kuliko ulivyojieleza kwake.

Kinachoniudhi zaidi ni kingine. Methali hii hupendwa sana na waliokwisha kupata. Mshauri mwenye shemeji mkurugenzi husema kazi zake zinajiuza, na sisi kwa adabu hatuulizi zinapitia mlango gani. Anayehitimu leo Chuo cha Usimamizi wa Fedha bila mjomba ofisini, akiambiwa akae kimya uzuri wake utaonekana, anaambiwa awaachie nafasi wenye wajomba.

Milango iliyo wazi kwake ni michache. Mmojawapo ni zabuni za umma: Tanzania, tangu 2023, zinapita kwenye mfumo wa manunuzi wa kielektroniki, NeST, na Kenya asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Najua, figisu nako hazikosekani. Ila mtathmini wa zabuni hatakiwi kukupa alama kwa kuwa mtaani kwenu unasifika. Anasoma ulichoandika. Tuseme zabuni ni ya kuzoa taka: yeye ana fomu inayouliza gari litapita siku gani, litakuwa na watu wangapi, na likiharibika litaletwa lipi. Wewe umemjibu kwamba huduma zako ni bora na za kisasa. Ataweka sifuri, afungue faili la mwombaji anayefuata.