Kadi inapomega faida ya saluni yako

MSUSI, kinyozi, fundi wa cherehani na mwosha magari huuza jasho na wakati wao. Saa iliyopita haiwezi kurudishwa kwenye rafu ikauzwe kesho. Ndiyo sababu shilingi inayokatwa kabla ya kuwafikia mkononi huwauma sana.

Msomaji, juma hili tutazame ada inayokatwa mteja anapolipa kwa kadi. Mteja akilipa Sh2,000, pesa hizo hupitia kwa wakubwa watatu: benki iliyompa kadi, benki iliyokupa mashine, na kampuni yenye mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard. Kila mmoja humega kipande chake. Ikiwa mkataba wako unasema asilimia 3, wewe utaona Sh1,940 tu.

Wengi husema, "Sh60 ni kitu gani?" Hebu tupige hesabu. Tuchukue saluni inayoingiza Sh150,000 kwa mwezi, na Sh60,000 kati ya hizo zinalipwa kwa kadi. Ada itakuwa Sh1,800. Lakini ukishalipa kodi ya nyumba, stima, mafuta ya nywele na wasusi, labda umebaki na Sh15,000. Kumbe ile asilimia 3 ya mauzo imekula asilimia 12 ya faida! Hiyo ni pesa ambayo ingesaidia karo ya mtoto.

Je, umwongezee ada hiyo mteja wa kadi peke yake? Polepole. Mikataba mingi ya mashine hizi hukataza jambo hilo, kwa hivyo soma wako kwanza. Tena, mteja aliyeambiwa bei moja kabla ya kukaa kitini na nyingine akiwa anaondoka hatarudi, na majirani zake watasikia.

Njia ya heshima ni kuiweka ada ndani ya bei ya kila mtu. Wala si lazima upandishe kwa asilimia 3. Katika mfano wetu, wanaolipa kwa kadi huleta asilimia 40 ya mapato, kwa hivyo ada ikigawanywa kwa mauzo yote ni asilimia 1.2. Huduma ya Sh1,000 inahitaji nyongeza ya Sh12 pekee. Ngoja siku ya kubadilisha bei, uandike Sh1,020 ukutani, na mambo yaishie hapo.

Pia mwonyeshe mteja njia nyingine. Huduma ya Lipa na M-Pesa ilianzishwa mwaka wa 2013, na leo mteja wa mtaani huuliza nambari ya tili kabla ya kuuliza bei. Ada ya tili kwa kawaida haifiki asilimia 1. Ila usikwepe ada hiyo kwa kupokea malipo kwenye simu yako ya nyumbani. Pesa za saluni zikichanganyika na za sukari na nauli, mwisho wa mwezi hutajua kama biashara inakulisha au wewe ndiwe unayeilisha.

Jambo linaloleta ugomvi zaidi ni malipo ya wasusi. Wengi hulipwa kwa asilimia ya kazi waliyofanya. Tuseme ni asilimia 40. Kwa kazi ya Sh2,000, ukihesabu kabla ya ada, msusi atapata Sh800 nawe Sh1,140. Ukihesabu baada ya ada, yeye atapata Sh776 nawe Sh1,164. Tofauti ni Sh24 tu, lakini msusi akigundua mwenyewe kwamba anakatwa kimyakimya, ataondoka na wateja wake. Elewaneni siku ya kwanza. Na bakshishi iliyolipwa kwa kadi mpe jioni hiyo hiyo, hata kama benki haijakuletea pesa.

Mwisho ni ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kodi ya mauzo ya biashara ndogo, zenye mapato ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, kutoka asilimia 1 hadi 3. Kodi hiyo hutozwa kwa mauzo yote bila kuondoa gharama. Wateja wakilipa Sh60,000 na benki ikakuletea Sh58,200, mauzo yako ni Sh60,000. Anayelipa kodi ya mapato ya kawaida ndiye anayeweza kuiondoa ada kama gharama ya biashara, naye atahitaji taarifa za benki kama ushahidi.

Basi nunua daftari na upige mistari mitatu: alicholipa mteja, kilichokatwa, kilichofika. Jaza kila jioni kabla ya kufunga mlango. Baada ya miezi mitatu, nenda nalo kwa benki yako na uombe ada ipunguzwe. Nenda pia kwa benki ya pili ukaulize yao ni ngapi. Mwenye hesabu mkononi husikilizwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.