Mwandishi wa Kikristo na Ufasaha wa Kiswahili

Katika nchi hii ya Usagara, tangu Kilosa hadi Munisagara na kuendelea juu kwa bonde la mto Mkondoa ambalo reli ya kati hulifuata, waandishi wa mambo ya dini wazidi kuongezeka, na vijitabu vya mahubiri, vya shuhuda na vya tafakuri vyapita mkono kwa mkono; jambo hilo ni la kushukuriwa, ila sina budi kusema bayana kwamba aghalabu ya maandishi hayo yametungwa kwa Kiswahili ambacho mwandishi mwenyewe asingeridhia kukitia katika barua ya posa.

Mtu aliyekusudia kunena kwamba neema ya Mungu haina mipaka, akaiangusha herufi moja kwa kuwa ulimi wake haukuzoea kuitamka, ameandika kwamba neema “aina mipaka”, na msomaji ameachiwa kazi ya kukisia. Mwingine hurundika “ambaye” nne katika sentensi moja, hata haijulikani aliyetenda ni nani na aliyetendewa ni nani. Wakiambiwa, hujibu kwamba Mungu hutazama moyo. Naam, Mungu hutazama moyo. Lakini msomaji hana njia ya kuuona moyo wa mwandishi isipokuwa kwa yale yaliyomo katika karatasi.

Na uzito wa karatasi sisi wa Usagara twaujua kuliko wengi, maana mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita nchi hii akiwatilisha watawala alama katika mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasiyoisoma, na mnamo Februari 1885 Kaisari wa Wajerumani akaitolea nchi hii hati ya himaya.

Waliotutangulia katika kuandika habari za imani hawakuidharau kazi ya kujifunza lugha. Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870, hakuona haya kujifunza kwa wanazuoni wa Unguja, na Sheikh Abdul Aziz, Mwislamu, ndiye aliyejitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi. Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 kwa jirani zetu Wagogo, Mkristo ambaye lugha ya mama yake haikuwa Kiswahili. Angaliweza kudai udhuru huo huo tunaoudai leo. Badala yake alizitaalamu kanuni za ushairi ambazo malenga Waislamu wa pwani walikuwa wamezihifadhi kwa karne nyingi, akajifunga na mizani nane katika kila kipande na kina kimoja kifungacho beti tangu mwanzo hadi tamati, kisha mwaka 1963 akatoa Utenzi wa Enjili Takatifu, na mwaka 1965 Utenzi wa Zaburi. Imani yake haikupungua kwa kushika adabu ya fani iliyolelewa na watu wa dini nyingine; bali ilipata kauli ambayo hata asiye Mkristo huweza kuisikiliza kwa heshima. Nami naamini kwamba hakuna njia nyingine: bidii ya dini haishiki mahali pa elimu ya lugha, na anayetaka kuandika vema hana budi kuwa mwanafunzi wa walio fasaha, wawe wa msikitini au wa kanisani.

Kwa hiyo nawasihi ndugu zangu wenye miswada mezani, wachungaji, makatekista na watunzi wa kwaya: kabla hamjaipeleka kwa mpiga chapa, isomeni kwa sauti mbele ya mtu aijuaye lugha kuliko ninyi, mwalimu wa shule au mzee wa pwani aliyehamia Kilosa, mpeni ruhusa ya kufuta, na mlipeni kwa taabu yake.