Wapeni watoto saa, feri ipate kuondoka
DIRISHA LA KISIWANI
Na Mbarak Athman

Mpwa wangu, mtoto wa Buxton, amejenga Mombasa. Ameijenga ndani ya gemu ya mtandaoni, mojawapo ya zile zinazowaachia wachezaji watengeneze levo zao wenyewe. Mchezaji anaanzia chini ya maghorofa mapya ya Buxton, anashika Abdel Nasser, anapenya umati wa Marikiti, anafuata Barabara ya Digo, mwisho anateremka Likoni kuwahi feri. Kuna tuktuk za kukwepa, kuna mikokoteni, na hata muuza kahawa na dele lake.

Nikaicheza. Nilikwenda polepole, nikapotea Marikiti, nikarudi nyuma kumtazama tena yule muuza kahawa. Nilipofika kivukoni, feri ilikuwa ingali wazi, inanisubiri.

"Haiondoki hiyo, mjomba," akaniambia. "Pale pa kujengea hapana kipima muda."

Kila aliyevuka Likoni anajua kwamba feri isiyoondoka si feri. Zile mbio za mteremkoni, mabuibui yameshikwa mkononi, mizigo kichwani, zina maana kwa sababu mlango utanyanyuliwa na wengine watabaki. Toa saa, na kazi yote ya kijana yule inageuka matembezi.

Wala si jambo geni ninalolidai. Katika Super Mario Bros. ya 1985 saa ilikuwa juu ya skrini, na ikishuka chini ya 100 muziki unaanza kukimbia, na moyo wa mchezaji nao. Nintendo ilipotoa Super Mario Maker mwaka 2015, ikawapa watu wa kawaida zana za kujenga levo pamoja na saa: mjenzi anachagua mwenyewe, kuanzia sekunde 10 hadi 500. Ikaweka na sharti ninalolipenda mno. Levo haikupanda mtandaoni mpaka aliyeijenga aimalize kwanza. Hapo hukuweza kuwapangia wenzako sekunde 20 kwa njia iliyokushinda wewe.

Hata Scratch, wanayojifunzia watoto kuandika programu, ina kipima muda tayari. Kwa nini basi gemu ya kujenga levo ikose?

Lakini kisiwekwe kiholela. Mjenzi aamue idadi ya sekunde, na aamue kinachotokea zikiisha: mchezaji arudi mwanzo, mlango ufungwe, au feri iondoke na ibidi kungoja nyingine. Saa iweze pia kuhesabu kwenda mbele, ili watoto wa Buxton na wa Kibokoni washindane nani amefika Likoni kwa muda mfupi zaidi. Na mtandao ukikatika, saa isimame. Hili nalisisitiza, kwa kuwa wengi wao huku wanacheza kwa bando la simu, na bando likiyumba, mtoto anahesabiwa sekunde ambazo hakuzicheza. Si haki.

Wapo wazazi watakaosema saa itawatia watoto presha. Mimi naona kinyume. Levo isiyo na muda ndiyo inayomkalisha mtoto mpaka chakula kinapoa, kwa sababu haina mahali pa kukoma. Ya dakika tatu inaisha kwa dakika tatu, na mama akiita, kuna pa kuishia.

Sisi tulipocheza mpira Tononoka hatukuwa na refa wala saa ya mkononi. Kipima muda chetu kilikuwa adhana ya Magharibi. Jua likianza kuinama, mpira uliokuwa umelegea tangu alasiri uliamka: pasi zikawa kali, mlinda lango akaacha mzaha, kila mtu akitafuta bao moja la mwisho kabla ya muadhini. Ninayakumbuka mabao ya dakika zile kuliko mengine yote. Utamu ule ndio anaoutafuta mpwa wangu kwenye levo yake, na hana chombo cha kuupatia.

Amefanya sehemu yake. Barabara zimekaa zinapokaa, tuktuk zinakimbia, kivuko kipo. Nyinyi wenye gemu za namna hii, nawaomba mwekeeni kitufe hicho kimoja.